Pampu ya mkono ya kukamulia maziwa: tathmini ya mama anayerudi kazini mjini Moshi

Siku hizi mama wa Moshi anayetafuta pampu ya mkono ya kukamulia maziwa hana haja ya kuagiza mbali. Inapatikana katika maduka ya vifaa vya watoto ya katikati ya mji na katika baadhi ya maduka ya dawa, ikiwa kwenye rafu moja na chupa, mito ya kunyonyeshea, chuchu za bandia zinazovalishwa juu ya chuchu ya mama na mikebe ya unga unaodaiwa kuongeza maziwa. Mimi nilinunua yangu kwa shilingi 35,000 nilipokuwa nikijiandaa kurudi ofisini baada ya likizo ya uzazi, nikaitumia kwa mwanangu wa pili mpaka alipoanza kula uji. Naiona kuwa kifaa kizuri kwa kazi moja tu, nayo ni kumwezesha mama anayetoka nyumbani asubuhi kuendelea kumpa mtoto maziwa yake mwenyewe. Haitibu maumivu ya chuchu wala haimsaidii mtoto asiyeshika titi vizuri, na mama anayeshinda na mtoto wake nyumbani anaweza kabisa kunyonyesha miaka miwili asiiguse.

Umuhimu wake unaonekana mtu anapopiga hesabu ya miezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, na likizo hiyo inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa upande wao, wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Siku 84 ni wiki 12, kwa hiyo likizo inakwisha mtoto akiwa bado na zaidi kidogo ya nusu ya kipindi cha maziwa pekee mbele yake, au zaidi ya hapo kama mama alianza kupumzika kabla ya kujifungua. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha katika muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Anayeishi Rau au Majengo na kufanya kazi mjini anaweza kupanda bajaji, akanyonyesha na kurudi kwa wakati, lakini kwa anayetoka Himo, Kibosho au Marangu kila siku saa hizo mbili huishia barabarani. Ni huyu wa pili, kwa maoni yangu, anayestahili kutoa fedha yake kwa pampu.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, ningemwomba kila mzazi ahakikishe kwanza kwamba mtoto anashika titi sawasawa, kwa sababu nimeona akina mama wakikimbilia pampu katika wiki ya kwanza ili kuepuka maumivu ambayo yangekwisha kwa kumpakata mtoto vizuri. Mtoto aliyepakatwa vizuri huwa amegeuziwa mama mwili mzima, tumbo kwa tumbo, kichwa na mgongo vikiwa katika mstari mmoja, naye ndiye anayeletwa kwenye titi badala ya mama kumwinamia. Anapoachama mdomo vizuri ndipo anasogezwa, akitanguliza kidevu. Akishashika, kidevu hugusa titi, mdomo wa chini hubinuka kwa nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Kuvuta kunaweza kusikika mwanzoni, lakini maumivu yanayoendelea muda wote wa kunyonya, au chuchu inayotoka mdomoni ikiwa imebanwa bapa, ni dalili kwamba ameshika chuchu peke yake. Hapo mama aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo wa mtoto, amtoe taratibu na kuanza upya. Aliyejifungua kwa upasuaji hupata nafuu kubwa akimpakata mtoto kwapani, miguu yake ikielekea nyuma ya mama, au wote wawili wakilala ubavu, maana mshono haulemewi. Muuguzi wa wodi ya wazazi au wa kliniki ya mama na mtoto, iwe Mawenzi, KCMC au kituo cha afya cha jirani, akiombwa asimame atazame mtoto akinyonya mwanzo hadi mwisho, huona kwa macho yake kasoro ambayo hakuna boksi la dukani litakaloieleza. Si jambo la kuonea aibu, na ni vizuri kuliomba kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

Sasa nije kwenye pampu yenyewe. Ina faneli ya plastiki ngumu inayokaa kwenye titi, mpini wa kubana kwa vidole, mpira laini wa mviringo unaotengeneza mvuto, na chupa ya mililita 150 inayopokea maziwa kwa chini. Haina waya wala betri, hivyo umeme ukikatika kazi inaendelea, na kelele yake ni ndogo kiasi kwamba mtu aliye chumba cha pili hasikii. Kiungo kinachobeba kazi yote ni vali ndogo ya silikoni, nyeupe, yenye mpasuko mwembamba mbele kama mdomo wa bata. Vali hiyo ikiinuliwa kwenye mwanga, mpasuko unapaswa kuonekana umefunga kabisa. Ukibaki wazi hata kidogo, mvuto hupotea, mpini unabanwa na maziwa hayaji, na mama asiyejua hudhani kwamba maziwa yake yamekauka. Ndiyo maana vali isisuguliwe kwa brashi, bali ioshwe kwa ncha ya kidole na maji yenye sabuni. Mpira wa mviringo nao ukikazwa ukiwa na unyevunyevu huteleza na kukaa upande, jambo linalodhoofisha mvuto vilevile, kwa hiyo navifuta vyote viwili kwa kitambaa safi kabla ya kuviunganisha.

Lalamiko langu kubwa linahusu faneli. Upana wa tundu lake hupimwa kwa milimita, na unapaswa kuzidi kidogo tu upana wa chuchu, ili chuchu iende mbele na nyuma bila kusuguliwa ukutani na bila kuvuta sehemu kubwa ya titi iingie ndani. Duka nililonunulia lilikataa kufungua boksi kabla ya malipo, na juu ya boksi hakukuandikwa kipimo, kwa hiyo nilifika nyumbani na faneli ya milimita 27 ilhali yangu ilipaswa kuwa ya 21. Matokeo yake yalikuwa maumivu, pete nyekundu kuzunguka chuchu na maziwa machache. Nilipopata kipunguzio cha silikoni cha kuingiza ndani ya faneli, pampu ileile ilibadilika ikawa kifaa cha kufaa. Kipimo hiki ni jambo la kuulizia dukani kabla ya rangi, kabla ya umbo la chupa, na hata kabla ya bei.

Namna ya kuitumia inahitaji subira kuliko nguvu. Maziwa hayavutwi kutoka kwenye titi kama maji kisimani. Mwili wenyewe ndio unaoyasukuma, kwa homoni ya oksitosini, na homoni hiyo huzuiwa na maumivu, haraka na wasiwasi. Kwa hiyo mama ananawa mikono, anakaa mahali pa faragha akiwa ameegemea, anajikanda titi kwa wepesi kuelekea kwenye chuchu, na ikiwezekana anaangalia picha ya mtoto wake kwenye simu, jambo ambalo kwangu limesaidia mara nyingi sana. Kisha anabana mpini harakaharaka na kwa mvuto mdogo mpaka matone ya kwanza yatoke, ndipo anapopunguza kasi na kubana kwa mwendo mrefu na wa taratibu. Dakika 10 hadi 15 kila upande zinatosha. Mtiririko ukipungua, mkono wa pili ukikamulia sehemu ya juu na ya pembeni ya titi wakati pampu inaendelea, mara nyingi maziwa huanza kutoka tena, na yanayotoka mwishoni ndiyo yenye mafuta mengi.

Kuhusu kiasi, naomba mama yeyote asiitazame chupa akajihukumu. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 anayepewa maziwa ya mama pekee hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa saa 24, yakigawanywa katika milo mingi, kwa hiyo mlo mmoja mara nyingi ni mililita 60 hadi 120 tu. Pampu haivuti kwa ustadi wa mtoto, na mama aliyetoka kunyonyesha nusu saa iliyopita akapata vijiko vichache hajaishiwa maziwa. Ushahidi wa kwamba mtoto anatosheka uko kwingine: anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku baada ya siku chache za mwanzo, anarudia uzito wake wa kuzaliwa kufikia takribani wiki ya pili, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda. Titi linalokamuliwa au kunyonywa mara kwa mara hutengeneza zaidi, na titi linaloachwa limejaa kwa saa nyingi hupunguza kazi. Kwa sababu hiyo ofisini nilikamua kila baada ya saa tatu hivi, hata siku ambazo sikuhitaji maziwa ya akiba.

Ipo kazi ambayo mkono mtupu unaishinda pampu hii, nayo ni kukamua dang'a. Maziwa hayo ya kwanza, mazito na ya njano, hutoka kwa matone, na yakipita kwenye faneli na vali, yote hubaki yamenata kwenye plastiki. Katika siku za mwanzo mama aweke kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini yake, sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuchu, akandamize kuelekea kifuani, abane, kisha aachie, akirudia hivyo bila kuteleza juu ya ngozi na akihamisha vidole kuzunguka titi lote. Matone yanapokelewa kwenye kijiko au kikombe kidogo kilichochemshwa. Ni ujuzi usiogharimu kitu, na mama aliyeujua hababaiki siku pampu inapoharibika au inaposahaulika nyumbani.

Mwongozo wa kuhifadhi uliokuja ndani ya boksi ni mfupi mno, na haukuandikwa kwa kufikiria joto letu. Maelekezo ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani yanasema maziwa yaliyokamuliwa muda huohuo hukaa hadi saa 4 katika chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25, hadi siku 4 ndani ya friji, na katika friza yenye baridi ya kutosha hubaki na ubora mzuri kwa takribani miezi 6. Sasa mama wa Moshi akumbuke kwamba mchana wa Januari na Februari joto letu hupita nyuzi 30, kwa hiyo saa 4 zile zinafaa Juni na Julai lakini si miezi hiyo ya joto. Njia yangu imekuwa ni begi dogo linalotunza ubaridi, likiwa na chupa mbili za maji zilizogandishwa usiku. Maziwa yaliyozungukwa na barafu ndani ya begi la namna hiyo yanaweza kukaa hadi saa 24, muda unaotosha kabisa kutoka ofisini hadi nyumbani hata foleni na daladala zikichelewesha. Ndani ya friji maziwa yakae nyuma, si mlangoni, yakiwa yameandikwa tarehe na saa, kwa viwango vya mililita 60 hadi 100 ili mengi yasimwagwe. Umeme unapokatika kwa muda mrefu, friji isifunguliwe ovyo. Yaliyogandishwa yakishayeyuka kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 wala yasigandishwe tena.

Maziwa yakikaa hujitenga, mafuta yakapanda juu na sehemu nyepesi ikabaki chini. Bibi wa mtoto aliyaona hivyo akadhani yameharibika, na si yeye peke yake, kwa hiyo anayebaki na mtoto aelezwe mapema. Chombo kinatikiswa taratibu kwa kuzungushwa, kinawekwa ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, na maziwa hayachemshwi jikoni kamwe wala hayapashwi kwenye maikrowevu. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa hayazidi saa 2, baada ya hapo yanamwagwa.

Boksi lilikuja na chuchu ya mpira ya kufunga kwenye chupa, na muuzaji aliisifia zaidi ya pampu. Mimi nilichagua kikombe. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa mbadala wa maziwa ya mama inagusa chupa na chuchu hizo pia, na kwa sababu za msingi: ni ngumu kusafisha, na kuna watoto wanaozizoea kiasi cha kulikataa titi. Kikombe kidogo kisicho na kingo kali kinaoshwa kwa dakika moja. Dada anayemlea mwanangu nilimfundisha kumkalisha mtoto akiwa ameinuka, kuegesha kikombe kwenye mdomo wake wa chini mpaka maziwa yaguse tu mdomo, na kumwacha mtoto mwenyewe ayalambe na kuyanywa kwa mwendo wake, bila kumimina. Siku za kwanza maziwa mengine humwagika kifuani, nguo hulowa na dada huingiwa na hofu; apewe muda akiwa na mama nyumbani, si asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi. Wiki mbili kabla ya kurudi ofisini zinatosha kumzoeza yeye, mtoto na mama mwenyewe, na pia kuweka akiba ndogo kwenye friza kwa kukamua mara moja kila asubuhi baada ya mtoto kunyonya, kwani asubuhi maziwa huwa mengi.

Kwa vitu vingine vya rafu ile nitasema machache. Mto wa kunyonyeshea ni mzuri, ila mto wa kawaida na kanga iliyokunjwa hufanya kazi hiyohiyo. Chuchu za bandia za silikoni zitumike tu kwa ushauri wa muuguzi, maana mara nyingi huficha tatizo la ushikaji na mtoto akapata maziwa pungufu. Krimu ya chuchu si mbaya, ingawa matone ya maziwa yenyewe yaliyopakwa na kuachwa yakauke yamenitosha. Unga wa kuongeza maziwa siushauri kabisa kwa bei inayotajwa. Huku kwetu mzazi hupikiwa mtori, huletewa supu, hupumzishwa na kufuliwa nguo, na naamini utaratibu huo una faida kubwa kuliko mkebe wowote, si kwa sababu ndizi na nyama vina siri ya pekee, bali kwa sababu mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada, maji ya kutosha na muda wa kukaa na mtoto titini mara 8 hadi 12 kwa siku.

Ipo hatari moja ya pampu ambayo boksi halikuitaja. Titi likivimba, likawa jekundu, la moto na lenye maumivu, mama hushawishika kukamua bila kukoma na kulikanda kwa nguvu akitaka kuliondolea kila tone, na wengi wameelekezwa hivyo kwa nia njema. Miongozo ya madaktari wa unyonyeshaji iliyotolewa mwaka 2022 inaonya kwamba kukamua kupita mahitaji ya mtoto na kukanda kwa nguvu huongeza uvimbe. Mtoto aendelee kunyonya kama kawaida, titi liwekewe kitambaa chenye baridi, na homa isipotulia ndani ya siku moja au mama akijisikia mgonjwa, aende hospitali haraka, kwa sababu uvimbe uliopuuzwa unaweza kuwa jipu.

Usafishaji hauna ugumu, ila unataka nidhamu: viungo vyote vinatenganishwa kila baada ya kukamua, vinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni katika beseni ambalo halitumiki kwa kazi nyingine, na mara moja kwa siku vinachemshwa dakika 5 kwenye sufuria yenye mfuniko kisha kuanikwa kwenye kitambaa safi. Plastiki ya pampu yangu imevumilia bila kupinda wala kubadilika rangi. Mpini umeanza kulegea kidogo, ingawa bado unafanya kazi. Kilichochoka mapema ni ile vali, na hapa maduka ya Moshi yanaweza kutusaidia sana, kwa sababu niliizungukia kuanzia jirani na Soko Kuu hadi maduka ya dawa ya Double Road nikaambiwa kila mahali kwamba haiuzwi peke yake na ninunue pampu nyingine. Kumtaka mama alipe tena shilingi 35,000 kwa ajili ya kipande cha silikoni kisichozidi ukubwa wa kidole gumba si haki. Hatimaye niliipata kwa kuagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi pamoja na ya akiba. Muuzaji atakayekuwa wa kwanza kuweka vali za akiba na faneli za vipimo vitatu vinne kwenye rafu yake, na kukubali boksi lifunguliwe mteja apime kabla ya kulipa, nitawaelekeza kwake akina mama wote wa ofisini kwetu.